Kitenzi "get": tazama jirani yake wa kulia

Kwa aliyesomea Kifaransa hapa Goma na sasa anaanza kazi ya ukalimani, kitenzi cha Kiingereza kinachosumbua kuliko vyote kina herufi tatu: get.

Anza na mdomo. Kifaransa kimetuzoesha kulainisha g inayofuatwa na e, ndiyo maana wengi hutamka "jet", na Mwingereza anasikia ndege. Tamka g ya gari. Neno hili lililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia. Kwao lilikuwa geta, yaani kupata, kuzaa, hata kuweza. Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake ndani ya maneno marefu kama forget, ila g yake waliitamka kama y. Ile g ngumu ya wageni ilishinda, hata ndani ya forget.

Kwenye maana, usikariri orodha, haina mwisho. Tazama neno linalofuata. Ikifuata nomino, ni kupata, kupokea au kuleta: get some water, lete maji. Pakifuata mahali, ni kufika: we got to Sake. Kikifuata kivumishi, hali imebadilika: get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa. Usiseme "kupata uchovu". Kitenzi chetu kimeshabeba kila kitu. Na I get it? Nimekupata. Hapo lugha mbili zimekutana zenyewe.

Penye hatari ni hapa. The chukudu got stolen: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliibwa. Lakini he got the tyre repaired si "alitengeneza gurudumu", ni alitengenezesha. Fundi ni mwingine, na kwenye ripoti ya matumizi kosa hilo linabadilisha aliyefanya kazi na anayestahili kulipwa. Kiingereza kinapanga maneno. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, -wa au -esha. Ukishaona hivyo, nusu ya ugumu imekwisha. Akitajwa mtu atakayetenda, usisahau to: get him to sign, mfanye asaini. Wengi huidondosha kwa sababu make yenye maana hiyohiyo haiitaki (make him sign), wala faire ya Kifaransa.

Mwisho ni got na gotten. Mmarekani akisema I've got 50 dollars, anazo mkononi; akisema I've gotten 50 dollars, amezipokea. Mwingereza wa leo kwa kawaida hasemi gotten, kwa hiyo akitaja pesa kwa I've got, muulize kama anazo au amelipwa sasa hivi, kabla hujatafsiri.