2,4-D kwenye Rhodes changa

Umeuliza kama 2,4-D, dawa ya kuua magugu, itaua Rhodes changa, zile nyasi za malisho ya mifugo. Haiui, mkuu. Inaua magugu ya majani mapana kama kishona nguo. Ila usipulizie nyasi zikiwa bado nyembamba kama sindano. Subiri zifikishe majani matano hivi na zianze kutoa machipukizi pembeni. Na kama kwenye Rhodes umechanganya na desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde yenye majani mapana, achana na dawa hiyo kabisa, utaiua desmodiamu yote. Gugu la sangari halidhuriki na dawa hiyo, maana nalo ni nyasi: ling'oe pamoja na vile vizizi vyeupe vinavyotambaa. Mimi hapa Mafinga nalima mvua zikianza, naacha magugu yaote wiki mbili, nayavuruga kwa reki, ndipo namwaga mbegu juu juu. Msimu uliopita nilipalilia mara moja tu.