Mbalamwezi ikiingia, boti zikiwa mchangani

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtaani kwenu, ni kitu gani kimewahi kumzuia kijana asiingie kwenye uhalifu, na familia yake ilisaidiwaje?" Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na jibu langu linaanzia kwenye mwezi. Mnivumilie.

Kwingine mwizi hupenda giza. Kwetu giza ndiyo kazi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina maana tena, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa boti zinakaa mchangani, nyavu zinashonwa, na vijana waliokuwa wanakesha majini wanakesha nchi kavu. Wakubwa wameshapiga hesabu na matajiri wao, yaani wenye boti, wana hela ya kunywa. Wadogo, wale wanaoanika dagaa na kubeba mabeseni kwa ujira wa sahani ya ugali, hawana hata hiyo. Na boti ikikaa mchangani, betri na taa zake nazo zinashuka nchi kavu. Ukiniuliza vitu vya mtaani kwetu vinaibwa lini, nitakuonyesha juu angani.

Miaka mitatu iliyopita alikamatwa mtoto wa miaka 13 na betri ya boti begani. Watu walishaokota mawe. Mwenyekiti wetu wa mtaa akamwingiza ofisini kwake akafunga mlango, na mpaka leo nasema hakumfungia yule mtoto ndani, alitufungia sisi nje. Asubuhi akaitwa afisa ustawi wa jamii. Dada mdogo tu, nilidhani atamgombeza. Akamwuliza: "Nyumbani kwenu jana mlikula nini, na nani alileta?"

Basi yakatoka. Baba alikwenda kwenye makambi ya uvuvi huko kusini, upande wa Katavi, mwaka wa pili bila hata salamu. Mama ana watoto wanne, anabeba mizigo mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Mtoto shule aliacha mwenyewe, polepole, siku mbili wiki hii, tatu ijayo, hakuna aliyeuliza. Ruzuku ya kaya maskini inayotolewa kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ina sharti kwamba watoto wa umri wa shule wahudhurie, yaani ingemfaa mama huyu mara mbili. Lakini majina ya kaya hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano, na siku ile yeye alikuwa mwaloni na mzigo kichwani. Sisi majirani tuliokuwepo hatukumtaja. Na mimi nilikuwepo.

Kisheria mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Tanzania mtoto akifika miaka 10 anaweza kujibu kosa la jinai, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kesi yake isikilizwe Mahakama ya Watoto na ustawi wa jamii wahusike. Shule ya maadilisho, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, ninayoifahamu ni Irambo, nayo iko Mbeya. Mama anayebeba mizigo Kibirizi atamtembelea mwanawe Mbeya kwa nauli gani?

Tuliyamaliza hapa. Mwenye betri alitaka kijana alipe kwa kufanya kazi kwenye boti, afisa akakataa kwa sababu sheria hiyo hiyo haimruhusu mtoto chini ya miaka 14 kuajiriwa. Wakavutana. Mwisho betri ilikuwa nzima, akaichukua, akaondoka akisonya. Mwalimu mkuu alimpokea mtoto. Sisi wanawake wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, tulimwingiza mama, hisa zake za kwanza nikamlipia mimi, kwa kununa, sitaki kudanganya. Akaanza na beseni moja la dagaa wabichi, akaanika, akauza.

Na mtoto akaiba tena. Safari hii simu yangu.

Nasimulia hili kwa sababu watu wa semina hupenda hadithi ambazo kijana anashauriwa mara moja, anatubu, anapigwa picha na cheti. Huyu alirudia, nami siku hiyo nilitamani jiwe. Dada wa ustawi akarudi tena, akakaa na mama yake kwenye mkeka saa nzima, akarudi na wiki iliyofuata. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kurudi. Simu sikuipata. Kijana yuko kidato cha pili sasa, hesabu anapata alama za aibu, na mimi ananiita mama mkubwa.

Mikopo ya halmashauri naisifu: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, bila riba. Ila inataka kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti, na watu waliofika miaka 18. Mtoto wa miaka 14 anayezurura mwaloni saa tano usiku hana katiba. Ofisi nazo zinafungwa saa tisa na nusu alasiri, wakati yeye ndiyo kwanza anaamka.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, tulijua tumekwisha, miezi mitatu ya mbalamwezi mfululizo. Wakubwa wengi mtaani kwetu walikwenda mashambani na kwenye bodaboda. Kwa wadogo, kijana mmoja mshona nyavu, mwenyewe hana kazi, alianzisha mpira mchangani kila jioni mpaka adhana ya magharibi, na sharti lake lilikuwa moja: ambaye hakwenda shule siku hiyo anaokota mipira tu. Mwenyekiti akamwongezea sharti la pili, kwamba asiyeonekana siku mbili mtu aende kwao. Ziwa likafunguliwa, mpira ukabaki, sasa tunaucheza siku za mbalamwezi.

Wiki ijayo mwezi unajaa, na mpira umetoboka. Nimetoa elfu mbili, mwenyekiti elfu tano. Mwenye betri anasema atafikiria.

Msomaji wenu, Kibirizi, Kigoma