Je, askofu akizungumzia vita amechanganya dini na siasa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya yetu hatukumaliza hata tafakari. Mmoja wetu aligusia kwamba Baba Mtakatifu anazungumzia vita karibu kila Jumapili, na maaskofu nao hawaishi kutoa matamko. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, akasema viongozi wa dini wahubiri Injili, vita na serikali wawaachie wenyewe, kwani Yesu alisema ya Kaisari mpeni Kaisari. Wengine wakampigia makofi. Mimi mwenyekiti nikabaki sina la kusema. Naomba unisaidie. – Mama wa jumuiya, Iringa

JIBU: Milele amina, Mama. Pole na ubishi, ingawa mimi naona heri jumuiya inayobishana kuliko inayosinzia.

Nikuanzie na yaliyonipata mwenyewe. Miaka ya nyuma niliitwa kuombea hafla ya mgombea mmoja. Nikaenda, na kwa aibu nakiri kwamba nilinyunyizia maji ya baraka magari saba yaliyopakwa rangi za chama. Hakuna aliyekuja ofisini kuniambia nimechanganya dini na siasa. Miezi michache baadaye nikasema kwenye mahubiri kwamba familia zilizoondolewa mashambani mwao bila fidia zimetendewa dhambi. Sijavua kanzu, watu wawili wako mlangoni pa sakristia: "Padre, hizo sasa ni siasa." Tangu siku hiyo nikisikia neno hilo huwa najiuliza kwanza: ni siasa kwa sababu nimesema, au kwa sababu sikusifu?

Fungua 1 Wafalme 22. Ahabu mfalme wa Israeli anataka kwenda kupigania Ramoth-Gileadi, mji uliokuwa mikononi mwa Waaramu, na Yehoshafati mfalme wa Yuda yuko tayari kufuatana naye. Ahabu anakusanya manabii kama 400. Wote, kwa sauti moja, wanamwambia aende, Bwana ataitia nchi ile mkononi mwake. Mmoja wao, Sedekia, anajitengenezea hata pembe za chuma kuonyesha jinsi Waaramu watakavyopigwa. Tazama hapo, Mama: viongozi wa dini 400 wanazungumzia vita mbele ya wafalme wawili langoni pa Samaria, na hakuna hata mtu mmoja anayewaambia wahubiri neno, vita wawaachie wanajeshi.

Yehoshafati anauliza kama hakuna nabii mwingine. Yupo, anajibu Ahabu, Mikaya mwana wa Imla, lakini namchukia, maana hanitabirii mema. Mjumbe aliyetumwa kumwita anamnong'oneza njiani: wenzako wote wamesema mazuri, na wewe sema hivyohivyo. (Ushauri huo nimewahi kupewa mimi, kwa chai na maandazi.) Mikaya anasema alichokiona: Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Sedekia anampiga kofi. Mfalme anaamuru atiwe gerezani, alishwe chakula cha shida na maji ya shida mpaka yeye arudi kwa amani. Hakurudi. Mtu akavuta upinde kwa kubahatisha, mshale ukapenya kwenye maungio ya deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita.

Kwa hiyo dini ilikuwemo vitani tangu mwanzo wa sura ile. Mzee wetu anadhani tuna uchaguzi kati ya kiongozi wa dini anayezungumzia vita na yule anayenyamaza. Mimi nauona uchaguzi kati ya pembe za chuma na chakula cha shida.

Na si habari za zamani tu. Vita vya 1914 vilipolipuka Ulaya, makanisa ya kila upande yaliombea majeshi yake. Tarehe 1 Agosti 1917 Papa Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa nchi zilizokuwa zikipigana, akaviita vita vile mauaji yasiyo na faida. Wafaransa walimwona Papa wa Wajerumani, Wajerumani wakamwona Papa wa Wafaransa. Mwaka huohuo vita hivyo vilikuwa kwetu, kusini mwa nchi hii, na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi hao, kwa Kiingereza Carrier Corps. Waliobeba mizigo ile hawakuulizwa kama vita ni vya haki.

Sasa tuje kwenye mipaka, maana mzee ana hoja nusu. Kanuni ya 285 ya Sheria ya Kanisa inamkataza padre kushika cheo cha kutawala serikalini. Hatugombei. Hatupangi mahali pa kuweka mizinga. Katekisimu, namba 2309, inataja masharti magumu ya kutumia silaha kwa kujilinda: madhara ya mshambuliaji yawe ya kudumu, mazito na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawepo tumaini la kweli la kufanikiwa, silaha zisilete uovu mkubwa kuliko ule unaotaka kuondolewa. Kisha inasema kupima masharti hayo ni kazi ya wenye dhamana ya manufaa ya wote, yaani watawala. Mkatoliki anaweza basi kutofautiana na askofu wake kuhusu kama vita fulani vimetimiza masharti. Hawezi kutofautiana naye kwamba kulipua mji mzima pamoja na watu wake ni kosa la jinai mbele ya Mungu; hilo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulilisema waziwazi.

Mfano wa kazi ya viongozi wa dini ni mwaka 2003, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Iraki. Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Etchegaray kwa Saddam Hussein huko Baghdad, na Kardinali Laghi, aliyejuana na familia ya Bush kwa miaka mingi, kwa Rais George W. Bush huko Washington. Laghi alipokelewa tarehe 5 Machi. Wiki mbili hivi baadaye mabomu yakaanza. Papa hakusikilizwa, wala hakuwatenga askari Wakatoliki waliokwenda. Alichofanya ni kubisha hodi kwenye milango yote miwili.

Wengine walilipia zaidi. Jirani zetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hawajamsahau Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewakemea askari wa Mobutu, rais wa nchi hiyo wakati ule, na pia waliovuka mpaka na bunduki. Aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli 1999 akilaani unyonyaji wa nchi. Februari 2000 waasi waliotawala mji wakamfukuza, akakaa Butembo miezi saba.

Kuhusu Kaisari, jibu ni fupi. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi apewe. Kijana anayetumwa kuua au kuuawa ana sura nyingine, soma Mwanzo 1:27.

Usisahau pia kwamba Papa ni paroko. Papa Fransisko alikuwa akipiga simu karibu kila jioni kwenye parokia ya Familia Takatifu, Gaza, akiuliza wamekula nini. Mchungaji anayejua kondoo wake wamelala bila chakula utamwambiaje azungumzie mambo mengine?

Huyo mzee msimbeze. Mtaguso huohuo unasema askari anayetimiza wajibu wake vizuri anachangia amani, na yeye ameona mambo ambayo sisi tunayasoma tu. Jumamosi ijayo gaweni sura ya 22 kwa sauti: mmoja asome Ahabu, mmoja Sedekia. Yeye mpeni Mikaya.