Chumba cha taka za kuuza kwenye jengo la ofisi

Mkuu, umeuliza chumba cha kuwekea karatasi na chupa za kuuza kikae wapi: kikae chini karibu na geti la nyuma, gari la mnunuzi lifike mlangoni. Juu huko weka ndoo tu kila ghorofa, ya karatasi jirani na mashine ya fotokopi, ya chupa pale pa chai, na ya uchafu wa kawaida ubavuni mwa kila moja. Bila hiyo ya tatu utakuta maganda ya korosho ndani ya karatasi. Nimesimamia usafi jengo la ghorofa nne hapa Mtwara mjini: tulirundika makaratasi barazani, mvua ya Januari ikayalowesha, mnunuzi akayakataa yote. Kwa hiyo paa na chaga ni lazima. Taa za tyubu zilizoungua ziwekwe peke yake, zina zebaki, ambayo ni sumu.