Vidonge vya bahasha

Jioni ya kuamkia upasuaji wa kumpandikizia mwanangu kifaa cha koklea, kile kinachowekwa ndani ya sikio kumsaidia asiyesikia, daktari wa usingizi alinikalisha chini akaniuliza, "Mama, mtoto ametumia steroidi yoyote miezi hii ya karibuni?" Nikamjibu hapana, tena kwa uhakika. Mimi nikijua steroidi ni za vijana wanaonyanyua vyuma.

Alikuwa mtu mzima mwenye subira. Akauliza habari za kifua. Nikamwambia ana pumu, kila kusi likiingia hubanwa, nami humnunulia vidonge vyeupe kwenye kemisti mjini Lamu. Vidonge gani? Hapo nikanyamaza. Huja katika bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "1x2", basi. Nikampigia dada yangu, akatoka mbio hadi kemisti, akanitumia picha ya kopo. Prednisoloni. Steroidi yenyewe, ila ya kutuliza uvimbe, si ile ya kukuza misuli, na mwanangu alikuwa ameinywa mara tatu ndani ya miezi minne.

Daktari alinieleza hivi. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo mwili huihitaji zaidi siku ya kisu. Mtoto akipewa steroidi kwa muda mrefu au mara kwa mara, tezi zile zinaweza kulala, na mwili usipopata homoni ya kutosha wakati wa upasuaji presha huweza kushuka vibaya. Daktari akijua mapema, huziba pengo hilo kwa sindano. Asipojua, ndiyo hatari. Upasuaji wetu haukuahirishwa, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kuvuka hadi Mokowe, gati la bara ng'ambo ya Lamu, na mtoto kwenda kupandikiziwa kifaa cha koklea, beba daftari. Andika kila dawa aliyotumia, hata pampu ya kifua, matone ya sikio na krimu ya ukurutu, maana nazo huweza kuwa na steroidi. Na kama ameitumia kwa wiki kadhaa, usiikatishe ghafla kwa kuogopa upasuaji. Muulize daktari.

Kilichonishangaza ni kwamba dawa iliyotuletea kizaazaa ni ndugu ya ile waliyompa wenyewe makusudi. Alipokwisha lala walimdunga deksamethasoni kwenye mshipa. Hupunguza kutapika baada ya kuamka, jambo kubwa kwa mtoto aliyefungwa bandeji kichwani. Hutuliza pia uvimbe. Koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayohusika na kusikia, ni kama konokono mdogo mwenye mizunguko miwili na nusu hivi, na ndani yake hupitishwa uzi wa elektrodi, yaani vijisehemu vinavyopitisha umeme. Mwili huuona uzi huo kama mgeni, ukavimba, ukaweka kovu, na usikivu mdogo uliobaki ukaweza kupotea. Steroidi hutolewa kwa matumaini ya kuuokoa. Madaktari hawana utaratibu mmoja: wengine hudunga mara moja tu, wengine huiweka pia palepale sikioni. Muulize wako atafanyaje na kwa nini.

Sisi tulipewa na ya kunywa siku chache. Mpe mtoto asubuhi, akishakula. Siku ya kwanza nilimpa jioni, basi alikesha akirusha mito, na bibi yake akadai amepatwa na jini. Alikula kama baharia aliyeshuka jahazini. Dawa ilipokwisha alirudi kuwa yeye.

Mambo mawili msiyapuuze. Kadi ya chanjo: kifaa hiki huongeza hatari ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo hakikisha amepata chanjo ya nyumokoka, bakteria mmoja anayeleta homa hiyo, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2011. Wetu aliongezewa nyingine. Na steroidi huweza kuificha homa, kwa hiyo mtoto akilegea, akitapika tena au akikaza shingo, nenda hospitali hata kama paji la uso halichomi. Akiwa kwenye dawa na jirani ana tetekuwanga, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Siku hizi nikifika kemisti sipokei bahasha tupu. Namwambia kijana aandike jina la dawa na miligramu. Juzi aliniona tangu mlangoni, akaokota kalamu kabla sijamwamkia.