Maswali ya Wasomaji: Kubadilisha maneno ya matusi katika sheria

SWALI: Chama chetu kinaandaa memoranda ya kupeleka Bungeni. Mwenzetu anashauri tutafute kila neno la kudhalilisha katika Kanuni ya Adhabu, mahali pake tuweke “mtu mwenye ulemavu wa akili”, basi. Inatosha?
Msomaji, Machakos

JIBU: Haitoshi, na kwingine itawaumiza walewale mnaowatetea. Tazameni kifungu cha 146, kama kilivyorithiwa kwa Mwingereza. Kilimwadhibu aliyemwingilia mwanamke akijua ni “zuzu” au “punguani”. Ndiyo maana ya maneno mawili ya Kiingereza yaliyomo, “idiot” na “imbecile”. Mkibandika hapo “mwenye ulemavu wa akili”, mwanamke mzima mwenye ulemavu mwepesi hataweza kuwa na mpenzi aliyemchagua mwenyewe bila mpenzi huyo kuwa mhalifu. Kifungu hicho kiandikwe upya: kosa liwe kumwingilia mtu yeyote, wa kike au wa kiume, ambaye wakati ule hakuweza kuelewa tendo wala kulikataa. Ulemavu hauna haja ya kutajwa.

Penye kutoa haki au huduma, kubadilisha jina kunafaa, ila zibeni mwanya. Marekani ilipopitisha Rosa's Law mwaka 2010, sheria iliyoondoa “mental retardation” na kuweka “intellectual disability” (ulemavu wa akili), ilitamka wazi kwamba jina jipya halibadilishi ufafanuzi wala wanaostahili. Bila sentensi hiyo, karani atakataa cheti cha zamani cha hospitali kwa sababu neno lililomo halipo tena katika sheria.

Chora jedwali la safu nne: kifungu, maneno yaliyopo, kazi yake (kinatoa haki, kinanyima au kinaadhibu?), na maneno mapya. Pekueni pia vichwa vya vifungu, kanuni ndogo na fomu. Matusi hupenda kujificha humo.

Katiba iwekeni kando, maana haibadilishwi kwa mswada wa kawaida. Ibara ya 54 inataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa heshima, lakini ya 83 inamzuia aliyetangazwa kuwa hana “akili timamu” kujiandikisha kupiga kura. Mkisafisha maneno tu hapo, mtakuwa mmemnyima kura kwa adabu.

Kuhusu tafsiri ya Kiswahili: “zeruzeru” lifuteni, andikeni “mtu mwenye ualbino”. “Kiziwi” msilifute kabla ya kuwauliza wenyewe. Jirani zetu wana Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wamejipa wao.