Dalali wa kwako mwenyewe unaponunua nyumba Mtwara: umkabidhi nini, umlipe vipi

Mkuu, nimelisoma swali lako: upo Dodoma, unatafuta nyumba Mtwara mjini ya kama milioni 45, nyumba moja ya Chuno umetajiwa na watu watatu kwa bei tatu tofauti, sasa unauliza kama inafaa kuwa na dalali wa kwako na kumlipa mwenyewe. Inafaa. Kwa mtu aliye mbali naona ni lazima. Ila ukimlipa kwa mtindo uliozoeleka utakuwa umeongeza mlaji mwingine kwenye sahani ileile.

Bei tatu hutokea hivi. Mwenye nyumba anasema milioni 38, hizo anataka mkononi. Dalali wa kwanza anaweka cha juu milioni 3. Anampa winga wake, naye anaongeza 2. Inafika kwa mwingine anayekujua wewe, anaongeza 2 zake, unatajiwa 45. Wote wamekuonyesha nyumba na hakuna aliyekuwa anakufanyia kazi wewe. Tumezoea kusema dalali analipwa na muuzaji, kwa hiyo mnunuzi anajiona hajatoa kitu. Ametoa, imo ndani ya bei.

Marekani walifika mahali wakaliwekea hili utaratibu: tangu Agosti 17, 2024, wakala aliye chini ya National Association of Realtors (chama cha mawakala wa nyumba cha huko) na anayetumia orodha zao za pamoja za nyumba hamwonyeshi mnunuzi wake nyumba mpaka wasaini mkataba wa maandishi unaotaja malipo yake waziwazi. Kwetu hakuna anayekulazimisha, lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakutosha. Wakala haruhusiwi kujinufaisha kwa siri kwenye kazi ya aliyemtuma, na akifanya hila kwenye kazi hiyo anapoteza haki ya ujira wake. Ila lazima pawepo karatasi inayoonyesha kwamba ni wewe uliyemtuma. Bila karatasi yeye ni mpita njia tu aliyekuonyesha nyumba.

Sasa malipo, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Usimlipe kwa asilimia ya bei. Piga hesabu: asilimia 5 ya milioni 45 ni 2,250,000. Akikubembelezea mpaka milioni 40 anapata 2,000,000. Yaani amekuokolea milioni 5 na wewe umemkata 250,000. Nani atajitesa kubembeleza namna hiyo? Wengine hufikiri dawa ni kumpa sehemu ya punguzo. Nayo ina tundu, kwa sababu anaweza kupatana na upande wa pili bei ianze juu ili ishushwe mbele yako. Weka kiasi kisichobadilika. Kwa nyumba ya bei hiyo, tuseme mmepatana 1,500,000, yagawe hivi: 300,000 majibu ya upekuzi (ukaguzi wa rekodi za hati kwenye ofisi ya ardhi) yakishatoka, hata kama yanasema usinunue, 600,000 siku ya kusaini mauziano mbele ya wakili, 600,000 hati ikishaandikwa jina lako. Lile fungu la kwanza ndilo lenye kazi kubwa. Dalali asiyelipwa mpaka nyumba inunuliwe hatakuambia kamwe kwamba nyumba ina kesi. Nauli ya bodaboda ya kuzungukia nyumba mlipe kando, kwa siku, msiichanganye na ujira.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha. Majina na namba za NIDA za wote wawili, maeneo unayotaka (taja mitaa: Shangani, Ligula, Chuno, Rahaleo, Mikindani), ukomo wa bei, mafungu ya malipo, na muda, siku 60 au 90. Kisha sentensi hii iandikwe kama ilivyo: "Wakala hatapokea fedha yoyote kutoka kwa muuzaji au dalali wa muuzaji, akipokea, fedha hiyo ni ya mnunuzi." Aandike pia kama ana undugu na muuzaji. Na umtendee haki na yeye: kila nyumba aliyokuonyesha iandikwe kwenye orodha mnayosaini wote, na ukinunua mojawapo ndani ya miezi sita baada ya mkataba kuisha, umlipe. Madalali wengi wanazungukwa na wanunuzi, ndiyo maana nao hawaamini mtu.

Mambo ya kumkabidhi. La kwanza upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa: apeleke nakala ya hati, alipie kwa kontroo namba, akuletee majibu yenye jina la mmiliki, muda wa hati uliobaki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama lipo. Deni la kodi ya pango la ardhi aliulizie hapohapo.

La pili bikoni, yaani alama za saruji zinazowekwa kwenye kona za kiwanja kilichopimwa. Picha ya nyumba kwa mbele haikusaidii. Mwambie aende na panga na brashi ya waya, akate majani kwenye kona, asugue saruji ya bikoni mpaka namba isomeke, apige picha namba hiyo pamoja na ukuta wa jirani kwa nyuma. Afanye hivyo kona zote, kisha azilinganishe na ramani iliyoambatishwa kwenye hati. Kona isiyo na bikoni ndiyo kona ya kuitia mpima kabla hujatoa shilingi. Kwa nyumba za upande wa bahari, Shangani na Mikindani, aongeze kupima umbali kutoka ufukweni, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60. Iliyo kando ya barabara kuu, apime mita 30 za hifadhi ya barabara kutoka katikati ya lami.

La tatu watu. Mwenzi wa muuzaji asaini ridhaa, hilo halina mjadala. Nyumba ikiwa ya marehemu, muuzaji aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, siyo kikao cha ukoo peke yake. Na kwa kuwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua wa huku wengi wao wanatokana na mila za kufuata upande wa mama, dalali mzuri atauliza wajomba wanasemaje. Barua ya mahakama inakupa haki kisheria, lakini mjomba aliyepitwa anaweza kukusumbua miaka. Dalali asiyeuliza hili hawajui watu wa hapa, au anawajua na anakuficha.

Fedha ya nyumba isipite mkononi mwake hata siku moja. Itoke benki kwako iende akaunti ya muuzaji mwenye jina lilelile la kwenye hati. Usimpe dalali hati ya uwakili ya kununua kwa niaba yako. Ukishindwa kusafiri kila hatua, safiri siku ya kusaini.

Gharama nyingine zitajwe mapema kwenye mauziano ili zisije zikageuzwa "hela ya kusukuma faili". Ushuru wa stempu ni asilimia 0.5 ya 100,000 ya kwanza na asilimia 1 ya inayobaki, kwa hiyo milioni 45 ni 449,500, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Asipoilipa uhamisho unakwama, hivyo bakiza sehemu ya bei mpaka risiti ya TRA ionekane. Uhamisho wenyewe unakwenda na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, na wakili ndiye azijaze, siyo dalali. Dalali akikuambia ofisi ya serikali ya mtaa inataka asilimia 10 ya bei, mwambie alete kontroo namba.

Msimu nao uangalie. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela inaingia mtaani na wauzaji wanakaza bei. Nadhani mkataba wa siku 90 ukianza Mei utampa dalali wako nafasi ya kupatana kuliko ukianza Novemba.

Nyumba ikiwa haina hati bado, fungu la mwisho usiliache likining'inia kwenye "hati ikitoka", maana upimaji unaweza kuchukua muda mrefu asilipwe mpaka akate tamaa. Lifunge kwenye mambo anayoyaweza yeye: majirani wa pande zote wamesaini mipaka, na maombi yako ya upimaji yamepokelewa manispaa kwa muhuri na tarehe.